Winta haianzi Novemba: barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya zetu Minnesota

Waheshimiwa wenyeviti na makatibu wa vyama vya Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Wachungaji na maimamu wetu. Mama zangu wa vikundi vya kufa na kuzikana,

 

Nawaandikia wiki ya mwisho ya Agosti. Watoto wangu wako nje na fulana, na nyanya nilizopanda nyuma ya nyumba bado zinaiva. Najua huu si wakati ambao mtu anapenda kusikia habari za theluji. Kila mwaka nimenyamaza ili nisiwaharibie watu kiangazi chao, nikaja kusema Desemba, wakati kila mtu ameshapata alichokipata. Mwaka huu nimeona niwahi.

Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ni mkalimani. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa natafsiri Kiswahili hospitalini, shuleni, mahakamani, na zaidi ya yote kwenye simu: mtu yuko upande mmoja, ofisi iko upande wa pili, mimi katikati. Nimezaliwa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo msimu wa baridi tunauita kipupwe. Kipupwe ni shuka la ziada na chai ya tangawizi. Nadhani neno hilo limetuponza. Tulipoambiwa kuna winta, tulitafsiri kipupwe, tukapanda ndege na sweta moja.

Nianze na jambo lililonifanya nishike kalamu. Sitaji mji wala mwaka, maana kazi yangu ina kiapo. Ila mama mwenyewe ameniruhusu niseme yaliyompata, tena amenisihi nisiyapunguze.

Usiku wa Januari niliitwa chumba cha dharura kumtafsiria mama aliyeletwa na watoto watatu. Hita ya nyumba yao ilikuwa imekufa tangu jana yake asubuhi, na mwenye nyumba hakuwa akipokea simu. Mama akafanya alivyofundishwa na mama yake. Alichukua jiko la kuchomea nyama walilonunua kiangazi, akalitia mkaa, akaliwasha nje juu ya theluji. Hakuliingiza ndani likiwa na moshi. Alisimama palepale kwenye baridi akisubiri mkaa ushike, uwe mwekundu kabisa, moshi uishe. Ndipo akaliweka katikati ya sebule, akalaza watoto kulizunguka, akaziba chini ya mlango kwa blanketi ili joto lisitoroke.

Kila alichokifanya kilikuwa cha mtu makini. Kwetu, kwenye nyumba yenye matundu juu ya ukuta na madirisha ya wavu, kisa hiki kingeishia hapo. Huku nyumba zimezibwa kama chupa. Baada ya muda mtoto wa kwanza akalalamika kichwa, wa pili akatapika. Mama naye akaona miguu haimbebi, akajiburuza mpaka mlangoni, akaufungua, na jirani akawaona. Alipofika hospitali alimwambia daktari kupitia kwangu: "Nadhani ni malaria. Imetushika wote kwa mkupuo." Daktari aliniomba nirudie sentensi hiyo mara mbili. Mtoto wa mwisho alikuwa na masizi kwenye vidole na kiatu kimoja tu mguuni, na aliing'ang'ania barakoa ya oksijeni kama mtu anayeshikilia chupa ya maziwa. Walipona wote wanne.

Iliyowapiga ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haitegemei moshi. Mkaa mwekundu uliokwisha kushika ndio unaoitoa kwa wingi. Ikiingia mapafuni inaganda kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hivyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani dalili zilezile ambazo sisi tumezoea kuziita malaria tukazinywea dawa tukalala. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, tokeni wote mara moja, mkiwa nje ndipo mpige 911. Wala msidhani wanaopatwa ni wageni peke yao. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas kwa baridi isiyo ya kawaida, mamia ya watu walikimbizwa hospitali kwa gesi hii. Wengine walikuwa wameingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wamewasha gari gereji ili wapate joto. Jiko la gesi la jikoni nalo, ukiacha oveni wazi ipashe nyumba, linaweza kukufanyia hivyohivyo.

Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hii, kisichozidi futi 10 kutoka mlango wa chumba cha kulala. Katika nyumba ya mama yule kilikuwepo. Kilikuwa kabatini, kimetolewa betri, kwa sababu kilikuwa kinalia "pi" kila baada ya muda mfupi na kuwanyima watoto usingizi. Mlio ule mmojammoja maana yake ni kwamba betri imekwisha au king'ora chenyewe kimezeeka. Hakuna aliyewahi kumwambia. Na hapa ndipo maneno yangu yanapowafikia ninyi, viongozi, kwa sababu mama yule alikuwa mwanachama. Alikuwa analipa mchango kila mwezi kwenye kikundi cha kufa na kuzikana.

Ndugu zangu, vikundi vyetu ni kitu cha kujivunia. Mtu akifariki hapa saa nne usiku, kabla ya alfajiri tangazo limeshasambaa, mweka hazina ameshateuliwa, na katika siku chache maelfu ya dola yamepatikana ya kusafirisha mwili mpaka Bukavu, Kisii, Bujumbura au Kigoma. Nimechanga, nami nikifikwa najua mtanichangia. Lakini sijawahi kuona tangazo la Septemba likisema: nyumba fulani imehamia Mei, ina watoto wanne, twendeni Jumamosi tukawazibie madirisha. Tumejipanga vizuri mno kwa ajili ya marehemu. Ombi langu lote kwenu ni kwamba nguvu ileile, orodha ileile ya namba za simu, na mweka hazina yuleyule, vitumike miezi miwili kabla ya baridi kwa ajili ya walio hai.

Sasa niseme habari ya pesa, maana najua jibu la kwanza litakuwa hilo.

Winta ya familia ya Kiswahili ina ubaya wa pekee, nao uko kwenye kalenda. Bili kubwa za gesi ni za Desemba, Januari na Februari. Desemba tunatuma hela za sikukuu nyumbani. Januari shule zinafunguliwa Tanzania, na mdogo wako, mpwa wako na mtoto wa shangazi wote wana ada, sare na madaftari. Kwa hiyo mwezi ambao nyumba ya hapa inakula pesa nyingi kuliko wowote ndio mwezi ambao nyumba ya kule inakuangalia wewe. Simlaumu anayetuma. Mimi natuma. Ila nimetafsiri simu nyingi za watu waliochagua ada wakaacha gesi, wakinyamaza na barua za kampuni bila kuzifungua mpaka Machi, deni likiwa limepita kodi ya mwezi mzima.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kampuni nyingi za gesi na umeme hukubali kugawa matumizi yako ya mwaka mzima yawe malipo yanayokaribiana kila mwezi. Unalipa zaidi kidogo Julai, lakini Januari haikutishi. Wakati mzuri wa kuliomba hilo ni sasa, kabla bili hazijapanda. Nimeona akina mama wakilikubali haraka kuliko sisi tunavyodhani, kwa sababu ni upatu. Ukishamweleza mtu kwamba ni upatu unaocheza na bili yako mwenyewe, huhitaji kuendelea.

Ya pili ni Mpango wa Msaada wa Nishati, ambao fedha zake zinatoka serikali kuu tangu mwaka 1981. Si mkopo, na kwa kawaida pesa haipiti mkononi mwako, inakwenda moja kwa moja kwa kampuni inayokuuzia gesi, umeme au mafuta. Mpangaji anaruhusiwa kuomba sawa na mwenye nyumba. Wanaangalia kipato na idadi ya watu wa nyumbani, kwa hiyo familia ya watu saba yenye mfanyakazi mmoja kiwandani isijikatie tamaa kabla ya kuomba. Oktoba watu waanze kupeleka maombi, wasingoje Machi, maana fungu la fedha lina mwisho wake. Vinavyotakiwa ni vitu vya kawaida: uthibitisho wa kipato, bili ya karibuni, majina ya wanaoishi hapo. Kinachowashinda watu wetu ni fomu. Ukurasa wa tatu mtu ameshachoka, anaiweka juu ya friji, na hapo inabaki.

Kuna wanaoogopa kwamba kuomba msaada kutaharibu karatasi zao za uhamiaji. Hofu hiyo ina sababu, siidharau, ila isijibiwe na sauti isiyo na jina iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Mleteni mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni akae na watu saa mbili ukumbini, kila mmoja amuulize hali yake. Kuna nyumba imekaa baridi miaka mitatu kwa ajili ya uvumi.

Ya tatu ni kanuni ya jimbo inayowalinda watu wasikatiwe gesi au umeme wa kupashia nyumba kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30. Naomba mlishike vizuri hili, kwa sababu watu wetu wamelisikia nusu. Wamesikia kwamba winta hawakati, basi wanakaa kimya. Kinga hii haiji yenyewe. Ni lazima upige simu, mkubaliane na kampuni mpango wa kulipa unaouweza, kisha uushike. Mwezi ukikushinda, piga tena kabla ya tarehe. Anayenyamaza hana kinga. Na kama tatizo ni lugha, mara nyingi kuna mkalimani wa bure kwenye simu: mwambie mpokeaji neno moja tu, "Swahili", usikate, subiri. Mara nyingine atakayeingia ni mimi.

Kanuni hiyo haiwagusi wanaonunua gesi ya propeni au mafuta yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi. Nawafikiria ndugu zetu wa miji midogo ya kusini, akina Worthington na Austin, walioajiriwa viwanda vya nyama, ambao wengine wanaishi kwenye nyumba za trela. Kwao tangi likikauka limekauka. Wao waulize bei sasa hivi, maana mara nyingi kiangazi huwa nafuu, na waombe ule msaada wa nishati, ambao unahusu pia propeni na mafuta.

Kuhusu wenye nyumba nitasema kwa kifupi. Tangu mwaka 2024 sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halipungui digrii 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Aprili. Watu wetu wanaogopa kulalamika, wanahofia kufukuzwa. Kipimajoto cha ukutani ni dola chache. Kitundikwe, kipigwe picha asubuhi na usiku, na malalamiko yaandikwe kwa ujumbe, yasiishie mdomoni. Nimesimama mahakamani nikimtafsiria mtu mwenye haki asiye na hata picha moja.

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi tuliozaliwa kwenye joto tuliliona fumbo la maisha. Hapa ni ufa kweli, wenye upepo.

Jioni moja ya Oktoba nilikwenda kwa familia ya Kirundi, watu sita, vyumba viwili, ghorofa ya pili ya jengo la zamani. Baba wa nyumba alikuwa ananiapia kwamba madirisha yao ni mazima. Nikamwomba awashe mshumaa, aupitishe polepole kwenye ukingo wa dirisha, kwa umbali, pazia likiwa limeshikwa pembeni. Chini kushoto mwali ulilala kabisa, kama umepulizwa na mtu. Akaurudisha, ukasimama. Akaupeleka tena, ukalala. Akawaita watoto waje waone. Tukatoa plastiki nyembamba inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ile inayokuja na tepu ya kunata pande mbili. Unafuta fremu vumbi na maji, unaiacha ikauke kabisa, unabandika tepu kuzunguka, unaitandaza plastiki juu yake. Mwanzoni inaonekana mbaya, imejikunja, mama wa nyumba alikunja uso. Halafu unapitisha draya ya kukaushia nywele, na plastiki inajivuta taratibu, mikunjo yote inatoweka, mpaka inakuwa kama kioo cha pili. Binti yao wa miaka tisa aliomba amalizie yeye. Katikati ya kioo na plastiki unabaki mkanda wa hewa tulivu, na ndiyo inayozuia baridi. Gharama ya madirisha yote ya nyumba ile haikufikia chakula cha familia hiyo mgahawani, na mlango tuliutengenezea nyoka wa kanga: kanga kuukuu iliyoshonwa ikawa mfuko mrefu, ikajazwa mchanga, ikalazwa chini ya upenyo. Mama alichagua kanga iliyochanika pindo, akaishona kwa mkono huku maandishi yakiwa nje.

Mengine ni ya kuelekezana tu. Makochi yasibanwe kwenye redieta au tundu la hewa ya moto, maana mtakuwa mnapasha kochi. Pazia la upande wa jua lifunguliwe mchana, lifungwe magharibi. Filta ya mashine ya gesi ibadilishwe, kwa maana ikijaa vumbi mashine inahangaika na bili inapanda. Kwa wenye themostati, ukishusha joto digrii 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane za usiku, mablanketi yakiwepo, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka. Lakini msishushe chini ya digrii 55 hata mkisafiri, la sivyo mabomba yataganda na kupasuka. Usiku wa baridi kali, bomba lililopita ukuta wa nje liachwe lidondoshe maji kidogo, na kabati la chini ya sinki liwe wazi.

Hita ndogo ya umeme inawadanganya wengi. Hesabu yake ni hii. Nyingi zina wati 1,500. Ikiwaka saa kumi za usiku imekula uniti 15. Uniti ikiwa senti 15, hizo ni dola 2 na senti 25 kwa usiku mmoja, dola 67 na nusu kwa mwezi, na hicho ni chumba kimoja. Nyumba yenye hita tatu imejitwisha bili ya pili bila kujua. Ikilazimu kuitumia, ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe isiwe kwenye waya wa kuunganishia, ikae mita moja kutoka kitandani na kwenye pazia, na izimwe watu wakilala.

Nije kwenye nguo, na hapa nina neno la moyoni. Sisi ni watu wa mitumba. Tumevaa mitumba ya Mchikichini, ya Gikomba, ya kila gulio. Nguo zile zilikuwa zinatoka huku huku. Lakini mtu akishafika hapa anaona haya kuingia duka la mitumba, anakwenda kununua koti jipya la bei nafuu lisilozuia upepo. Viongozi, mkisimama mbele ya watu mkasema koti hili nimelitoa mitumbani, mtaivunja aibu hiyo siku moja. Na yapo makoti mazito kabisa huko, hasa Septemba kabla wengine hawajaamka. Anayeweza anunue Machi madukani, yakishushwa bei, ya mtoto yawe saizi moja mbele.

Pamba ndiyo adui asiyejulikana. Fulana na soksi za pamba zikilowa jasho hazikauki, zinakuganda mwilini. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu au ya polista, juu yake sweta, juu kabisa kinachozuia upepo. Nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja nene. Glavu za vidole vilivyounganishwa zina joto kuliko za vidole vitano, kwa sababu vidole vinapashana. Buti liwe na nafasi ya soksi nene, maana kiatu kinachobana kinazuia damu na mguu unaganda zaidi. Na mtoto mdogo akiwekwa kwenye kiti chake cha gari, lile koti lililovimba livuliwe kwanza, mkanda ubane kifua chake, blanketi lije juu ya mkanda. Koti linabonyea gari likigongwa, na mkanda unabaki legelege.

Mnakumbuka Januari 30, 2019, Minneapolis ilipofika digrii 28 za Farenhaiti chini ya sifuri, 33 za Selsiasi. Shule zilifungwa. Lakini siku hatari kwa watoto wetu ni zile ambazo shule hazifungwi, mtoto anasimama dakika ishirini kituoni akingoja basi amevaa raba na kofia ya jaketi. Upepo ukiwa mkali, nusu saa inatosha kugandisha ngozi. Kwa ngozi yetu nyeusi dalili haiji kwa wekundu. Sehemu inakuwa ya kijivu, inakufa ganzi, inakakamaa. Isisuguliwe wala isisogezwe kwenye moto. Iingizwe kwenye maji ya uvuguvugu, apelekwe hospitali.

Gari nitaligusa tu. Betri ipimwe Oktoba, na kila dereva ajiandikishe kupokea ujumbe wa dharura ya theluji wa jiji lake, ili ajue ni upande upi wa barabara hauruhusiwi kuegesha usiku huo. Nimetafsiri vilio vingi mno vya watu ambao gari limevutwa, wakalipa faini na gharama za kuvutwa, hela ambayo ilikuwa ya gesi.

Halafu kuna wazee wetu. Katikati ya Desemba jua la Minneapolis linazama saa kumi na nusu jioni. Kuna mabibi waliokaa miaka zaidi ya ishirini kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mlango wazi kutwa nzima, jirani anapita, anasalimia, anaomba chumvi. Leo wako ghorofa ya tatu, watoto kazini, wajukuu shuleni, na dirisha limeshakuwa jeusi kabla hajarudi mtu yeyote. Bibi mmoja aliniambia kwamba winta anasahau sauti yake mwenyewe. Wengine wana upungufu wa vitamini D kwa kukosa jua, wanaumwa mifupa, wanadhani ni uzee. Waulizwe na daktari, wapimwe. Lakini zaidi ya kidonge wanahitaji simu kila asubuhi, na mtu wa kuwachukua wakae mahali pamoja hata mara moja kwa wiki, wasuke mikeka, waimbe, wagombane. Nyumba tano za jirani zikipeana zamu, bibi huyo haachwi peke yake. Na asitoke na makubazi kwenye barafu. Atembee hatua fupifupi, unyayo mzima ukigusa chini, na ngazi zimwagiwe chumvi au mchanga kabla hajafungua mlango.

Ombi langu basi ni hili. Kila chama kitenge sehemu ndogo ya mfuko wake, sehemu mtakayokubaliana wenyewe kwenye kikao cha Septemba, iwe ya plastiki, tepu, betri na ving'ora. Kila kikundi kiandike nyumba zilizofika tangu Aprili, na kila nyumba mpya ipewe nyumba mwenyeji ambayo imeshapita winta tatu. Wachungaji na maimamu, nawaomba dakika tano tu za tangazo, Ijumaa moja na Jumapili moja, kuhusu mkaa. Semeni wazi kwamba mkaa usiokuwa na moshi unaua. Mkisema ninyi, watasikia kuliko wakisikia kwangu.

Mimi sina mfuko, nina mikono. Jumamosi zote nne za Oktoba, kuanzia saa nne asubuhi, niko huru. Mama yule wa watoto watatu amesema atakuja nami, na atasimulia mwenyewe. Tutakuja na mshumaa, draya mbili na fomu za msaada wa nishati, na tutakaa na watu mpaka ukurasa wa mwisho ujazwe. Mnaotutaka, nitumieni tarehe na anwani kabla ya Septemba 20, mtueleze nyumba ni ngapi na madirisha ni mangapi, ili tujue tepu ya kununua.

Wenu katika kazi,

Mkalimani